Kupima urefu wa misuli ya shingo na bega: shika ncha moja kwanza

Msuli una ncha mbili. Ukitaka kujua urefu wake, ncha moja lazima itulie wakati nyingine inasogea. Nalianza jambo hili mapema kwa sababu ndilo linaloharibu vipimo vingi ninavyokutana navyo kwenye mafaili: kichwa kililazwa kushoto, bega la kulia likapanda kukifuata, na mpimaji akaandika "kawaida". Hapo hakuna kilichopimwa. Trapezio ya juu inaanzia kisogoni na kwenye shingo, inashuka hadi kwenye mtulinga na ncha ya bega. Bega likipanda, msuli umepata nafuu badala ya kuvutwa.

Nafanya kazi ya fiziotherapia Kigoma mjini. Nawaandikia wanafunzi wanaokuja kwa mafunzo ya vitendo, na wenzangu wa vituo vya afya vya huku kwetu ambao mara nyingi wako peke yao na mgonjwa. Watu tunaowahudumia wanafanana: wabeba mizigo wa Kibirizi, kina mama wanaobeba ndoo za dagaa na madumu ya mawese kichwani, wavuvi wanaovuta nyavu usiku kucha, mafundi cherehani wa Ujiji, na siku hizi vijana wanaoinamia simu. Karibu wote wanaingia na neno moja: "Shingo imekaza." Lakini msuli unaweza kukaza bila kufupika. Unaweza kukaza kwa sababu unalinda kiungo kinachouma, kwa sababu mshipa wa fahamu unalalamika, au kwa sababu umevutwa na mzigo kupita kiasi hadi ukawa mrefu. Ukimnyoosha huyu wa mwisho unamwongezea maumivu. Ndiyo maana tunapima.

Kabla hujagusa shingo

Kuna wagonjwa ambao siku hiyo hawapimwi urefu wa misuli, na kuwatambua ni muhimu kuliko kipimo chenyewe. Aliyeanguka na bodaboda, aliyeporomoka kutoka juu ya mchikichi, aliyejitosa ziwani kichwa kikatangulia: shingo yake isichezewe. Kwa majeruhi mwenye fahamu zake naifuata kanuni ya Kanada iliyochapishwa mwaka 2001. Kama ana miaka 65 au zaidi, au ajali ilikuwa ya kishindo kikubwa, au anahisi ganzi na vijimwiba mikononi au miguuni, apigwe picha kwanza.

Mwenye homa, kichwa kinamgonga na shingo haikubali kuinama mbele, mpeleke kwa daktari saa hiyo hiyo, maana inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Mwenye maumivu ya miezi, anayekonda na kutoka jasho usiku, fikiria kifua kikuu cha mifupa kabla ya kufikiria msuli. Na muda wote unapopima, mgonjwa akipata kizunguzungu, akaona vitu viwili viwili, ulimi ukawa mzito, kumeza kukawa shida au uso ukafa ganzi, rudisha kichwa katikati taratibu na uishie hapo. Usirudie ili kuhakikisha. Umeshapata jibu, na jibu hilo ni la daktari.

Halafu kuna suala la ruhusa. Vipimo vya kifua na bega vinataka ngozi ionekane na mkono wako uguse karibu na titi. Vuta pazia, mpe mama kanga ya pili, mweleze utaweka mkono wapi kabla hujauweka. Kama wewe ni mwanaume na mgonjwa ni mwanamke, mwite muuguzi wa kike au mruhusu ndugu aliyemsindikiza aingie. Mgonjwa mwenye aibu anabana mabega, na mabega yaliyobanwa hayapimiki, lakini hata bila sababu hiyo anastahili kuheshimiwa.

Vifaa ni vichache: goniomita ya plastiki, yaani kipimapembe cha kupimia nyuzi za kiungo, futi laini ya fundi cherehani, kalamu ya kuchora ngozi inayofutika, na sehemu ngumu ya kulalia. Huo ugumu nausisitiza. Godoro la sponji linalimeza bega, na kipimo cha kutoka kitandani hadi begani kinakuwa cha uongo. Kama kituo hakina kitanda kigumu, tandika mkeka sakafuni upige magoti. Pima kabla ya kukanda, kabla ya kuweka kitambaa cha moto, kabla ya mazoezi. Ukipima leo msuli ukiwa wa baridi, na safari ijayo baada ya kuukanda, utajisifu kwa maendeleo ambayo hayapo.

Anza na shingo akiwa ameketi

Mketishe kwenye kiti chenye egemeo, nyayo sakafuni, mikono juu ya mapaja. Chora nukta tatu: kwenye ncha ya mfupa wa juu ya bega, yaani akromioni, kulia na kushoto, na kwenye kishimo kilicho juu ya kidari. Kuinama mbele kunapimwa kwa futi kutoka ncha ya kidevu hadi kwenye kishimo hicho, mdomo ukiwa umefungwa, kwa sababu mdomo ukiachama kidevu kinashuka na sentimita zinapungua zenyewe. Kugeuka kunapimwa kutoka kidevuni hadi akromioni ya upande anaogeukia. Kulaza kichwa pembeni kunapimwa kutoka kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio hadi akromioni. Mwambie ageuze shingo na si kiwiliwili, na umtazame: wengi wanageuka na kifua.

Kwa goniomita, mtu mzima mwenye shingo nzima anageuka nyuzi 80 hivi kila upande, na analaza kichwa kama nyuzi 45. Umri unapunguza. Namba za kitabuni naziangalia, lakini ninachokiamini zaidi ni tofauti ya kulia na kushoto kwa mtu yule yule. Sentimita za futi hazilinganishwi kati ya mtu na mtu, kwani shingo na mabega ya watu havilingani.

Sasa kuna jaribio dogo ambalo watu wengi hawalifanyi, nami naliona ndilo lenye faida kuliko yote. Akiwa bado ameketi, simama nyuma yake, mshike viwiko na umnyanyulie mikono kidogo hadi mabega yapande bila yeye kutumia nguvu. Uzito wote wa mikono uwe kwako. Mwambie ageuke tena. Kwa kunyanyua mabega umeisogeza ncha ya chini ya trapezio ya juu na ya levata skapula, msuli unaotoka shingoni hadi kwenye kombe la bega, karibu na ncha ya juu, kwa hiyo misuli hiyo imelegea. Kama shingo sasa inageuka zaidi na maumivu yamepungua, kizuizi kimetoka kwenye misuli inayounganisha shingo na kombe la bega. Kama hakuna kilichobadilika, tafuta kwenye pingili za shingo zenyewe.

Nilimfanyia hivi kijana mmoja anayepakua magunia Kibirizi, na gunia kwake daima linakaa bega la kulia. Akigeukia kulia, kidevu kilifika sentimita 12 kutoka akromioni. Akigeukia kushoto kiliishia sentimita 17, na mkono wake ukaenda wenyewe kushika shingo upande wa kulia. Nikamnyanyulia mkono wa kulia peke yake, nikamwambia ageukie kushoto tena: sentimita 13. Akanyamaza kidogo, akageuka tena kuhakikisha. Shingo yake ilikuwa nzima. Levata skapula ya kulia ndiyo iliyokuwa inamzuia, na kipimo cha kitandani kilichofuata kilithibitisha.

Trapezio ya juu na levata skapula

Hivi vipimo viwili vinafanana hadi vinachanganywa, na tofauti yake ni mahali pua inapoelekea. Mgonjwa analala chali, kichwa bila mto, nawe uko upande wa kichwani. Mkono mmoja unabeba kisogo. Tuseme unapima kulia.

Kwa trapezio ya juu, inamisha shingo mbele, laza kichwa kushoto, halafu geuza uso kulia, kuelekea upande unaopima. Kwa levata skapula, inamisha mbele, laza kushoto, na uso uugeuze kushoto pia, kama vile anataka kunusa kwapa lake la kushoto. Kichwa kikishafika mwisho wake kiache hapo kimetulia. Ndipo mkono wa pili unafanya kazi: unasukuma bega la kulia kuelekea miguuni. Si kuelekea kitandani, miguuni. Kwa trapezio kiganja kinakaa juu ya ncha ya bega. Kwa levata, tafuta pembe ya juu ya ndani ya kombe la bega, kule msuli unakojishikiza, na usukume hapo.

Unachotafuta ni hisia ya mwisho wa mwendo chini ya kiganja chako. Msuli wenye urefu wake unakupa mwisho laini, unaongezeka taratibu kama kuvuta mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Msuli uliofupika unasimama mapema na kwa ugumu, bega halishuki. Linganisha na upande wa pili kabla hujasema lolote. Muulize pia anahisi mvuto wapi, na usimpe jibu mdomoni. Usiseme "unahisi hapa?" ukiwa umeshika mahali. Sema "nionyeshe kwa kidole."

Akionyesha vidole vya mkono, au akasema mkono unawaka hadi kiwikoni, simama ufikirie mshipa wa fahamu. Kuna njia rahisi ya kutenganisha. Punguza mvuto kidogo, acha kichwa na bega vilivyo, halafu mkono wake ukiwa umenyooka pembeni, kunja kifundo cha mkono kuelekea nyuma. Kifundo cha mkono hakina uhusiano wowote na trapezio wala levata. Kama kukikunja kunaongeza dalili za mkononi na kukirudisha kunazipunguza, mshipa wa fahamu umo ndani ya shida hii, na kumnyoosha kwa nguvu ni kumuumiza.

Kama mwisho ni mgumu lakini hakuna ganzi, bado usiandike "imefupika". Mwambie asukume kichwa taratibu sana dhidi ya mkono wako kwa sekunde kama saba, bila kusogea, kisha aachie na kushusha pumzi ndefu. Sukuma bega tena. Likishuka kwa urahisi sasa hivi, ule ulikuwa mkazo wa kujilinda zaidi kuliko ufupi. Ufupi wa kweli hauondoki kwa pumzi moja.

Na wapo kina mama, hasa wa mizigo mizito ya mikononi, ambao bega limeshuka chini kuliko la pili, msuli umekaza kama kamba, unauma ukibonyezwa, lakini kipimo kinakwenda mbali kuliko upande mzima. Msuli huo umechoka kwa kuvutwa. Usimpe zoezi la kunyoosha. Mfundishe kuupumzisha, aegemeze kiwiko, agawe mzigo, kisha aanze kuuimarisha.

Stenokleidomastoidi na skaleni

Hii ni misuli ya mbele na ya pembeni ya shingo: stenokleidomastoidi inatoka nyuma ya sikio hadi kwenye kidari na mtulinga, skaleni zinatoka shingoni hadi kwenye mbavu za juu. Hapa napita haraka, kwa sababu vipimo vyake vinadai kurudisha shingo nyuma na kuizungusha, na mkao huo unabana mishipa ya damu ya shingo. Vifanye mwisho, polepole, mgonjwa akiongea na wewe muda wote. Kwa stenokleidomastoidi ya kulia: laza kichwa kushoto, geuza uso kulia, rudisha nyuma kidogo tu. Kwa skaleni, ncha ya chini iko kwenye ubavu wa kwanza na wa pili, kwa hiyo kiganja chako kinakaa chini ya mtulinga na kuzuia mbavu zisipande, huku kichwa kikilazwa upande wa pili na kurudishwa nyuma kidogo. Sukuma mbavu wakati anatoa pumzi, maana akivuta pumzi zinapanda zenyewe. Mishipa mikubwa ya fahamu ya mkono inapita katikati ya skaleni ya mbele na ya kati, hivyo ganzi mkononi hapa ni habari kubwa, iandike. Mzee au mwenye baridi yabisi ya muda mrefu, vipimo hivi viwili naviacha kabisa.

Kifua: pektorali ndogo na kubwa

Pektorali ni misuli ya kifuani. Pektorali ndogo inatoka mbavu ya 3, ya 4 na ya 5, inajishikiza kwenye korakoidi, kile kijifupa unachokihisi ukibonyeza chini ya mtulinga karibu na bega. Ikifupika inalivuta bega mbele. Fundi cherehani anayeinamia kitambaa mchana kutwa anaijua kazi yake hata kama hajui jina lake.

Kipimo kilichozoeleka: alale chali, mikono pembeni, viganja vimepumzika tumboni, nawe upime kwa futi au rula kutoka kitandani hadi ukingo wa nyuma wa akromioni. Wengi tulifundishwa kuwa zaidi ya sentimita 2.5 ni ufupi. Mwaka 2007 watafiti Lewis na Valentine walipima watu wenye maumivu ya bega na wasio na maumivu, wakakuta kipimo kinarudiwa vizuri na mpimaji yule yule, ila mpaka ule wa sentimita hautenganishi mgonjwa na mzima, kwa sababu hata wazima wanauvuka. Kwa hiyo napima, naandika sentimita, nalinganisha pande mbili na nalinganisha na safari ijayo, lakini simwambii mtu "una tatizo" kwa sababu ya namba hiyo peke yake. Baada ya kupima naweka kiganja mbele ya bega na kulisukuma taratibu kitandani. Likienda bila ubishi, msuli hauna neno. Na usisahau kuangalia mgongo: mwenye kibiongo bega lake litanyanyuka hata pektorali ikiwa ndefu.

Njia nyingine, ambayo naipenda zaidi, inapima msuli wenyewe. Futi inaanzia korakoidi na kuishia mahali ubavu wa nne unapokutana na kidari. Kwa mama, mwelekeze aweke kidole chake mwenyewe kwenye ubavu huo chini ya kanga, nawe uweke ncha ya futi kwenye kidole chake. Gawanya sentimita hizo kwa urefu wa mtu huyo, zidisha kwa 100, na hapo unaweza kumlinganisha mrefu na mfupi.

Pektorali kubwa inapimwa kwa sehemu mbili. Nyuzinyuzi za chini: mkono umenyooka, umepanda pembeni hadi nyuzi 135 hivi, kiganja kikitazama juu, na uache ushuke. Nyuzinyuzi za juu: mkono kwenye nyuzi 90, kiganja juu. Mkono mzima unapaswa kufika usawa wa kitanda. Mkono wako wa pili uko kwenye kidari, unazuia kifua kisizunguke, na magoti yake yamekunjwa ili kiuno kisibinuke. Ukiona kiuno kimenyanyuka, mkono umefika kitandani kwa msaada wa mgongo.

Latisimasi, na mzunguko wa bega

Kwa mvuvi anayevuta nyavu na kupiga kasia, latisimasi usiiache. Msuli huu unatoka kiunoni hadi mfupa wa juu wa mkono, kwa hiyo ncha ya kushika ni kiuno. Magoti yakunjwe, kiuno kilale bapa, ingiza vidole vyako chini ya kiuno chake. Anyanyue mikono yote miwili pembeni ya masikio, viwiko vimenyooka, viganja vikitazamana. Pale tu vidole vyako vinapohisi kiuno kinaondoka, mwambie asimame. Hapo ndipo kipimo kilipo, hata kama mkono ungeweza kuendelea. Weka goniomita pembeni ya bega, mkono mmoja wa goniomita ukifuata ubavu, mwingine ukielekea mfupa wa nje wa kiwiko. Kama akigeuza mikono kwa ndani inapanda zaidi, latisimasi inahusika, kwa kuwa yenyewe ni msuli wa kugeuza mkono ndani.

Mzunguko wa bega unapimwa mkono ukiwa pembeni kwa nyuzi 90 na kiwiko kimekunjwa nyuzi 90. Kwa nje tunatarajia nyuzi 90, kwa ndani 70. Kwenye mzunguko wa ndani, usipokandamiza mbele ya bega kwa kiganja, kombe lote linajiinua na kukupa nyuzi ambazo si za kiungo. Mara bega linapoanza kusukuma kiganja chako, soma goniomita.

Unaandika nini

Usiandike "shingo ngumu". Andika mkao, ncha uliyoshika, namba, mwisho wa mwendo, na maneno ya mgonjwa. Kwa yule kijana wa magunia niliandika hivi: "Ameketi, kugeuka kushoto sm 17, kulia sm 12, mkono wa kulia ukinyanyuliwa, kushoto sm 13. Chali, levata skapula kulia: bega halishuki, mwisho mgumu, mvuto pembe ya juu ya kombe, hakuna ganzi. Baada ya kusukuma na kuachia: mabadiliko madogo." Mtu yeyote akilisoma faili hilo anaweza kurudia kipimo hicho hicho na kupata jibu linalolinganishwa na langu.

Wengi wa wagonjwa wetu wanatoka mbali, wengine kwa boti kutoka vijiji vya mwambao kama Kagunga na Kalya, na nauli si jambo dogo. Hawatarudi wiki ijayo. Kwa hiyo nakala ya vipimo naiandika pia kwenye daftari lake la matibabu, kwa Kiswahili, pamoja na mchoro mdogo wa mahali futi ilipoanzia na ilipoishia. Mhudumu wa zahanati ya kijijini kwake akiwa na futi ya fundi cherehani anaweza kumpima baada ya wiki sita na kunipigia simu kuniambia sentimita.